Barua ya Wazi kwa Mnaotunga Fomu za "Jaza, Tutakupigia"

Ndugu mameneja wa masoko, watengeneza tovuti na wote mnaolipia matangazo ya kutafuta wateja mtandaoni,

Nawaandikia nikiwa upande wa pili wa fomu zenu. Mteja akishabonyeza "Tuma", majibu yake huingia kwenye Excel, na Excel hiyo huletwa mezani kwetu sisi wapiga simu. Kazi yetu ni kumpata mtu huyo, kumsalimu kwa jina lake, kusikia anachotaka na kumkabidhi kwa anayehusika, awe ni chuo, kampuni ya bima, muuza viwanja au wakala wa safari za mbugani. Kwa hiyo sisi ndio wa kwanza kujua kama fomu imefanya kazi au imeshindwa. Na kwa ninayoyaona kila siku, nasema bila kumung'unya maneno: wengi kati ya wateja mnaosema "hawapatikani" au "hawako makini" walikuwa makini kabisa. Walijibu walichoulizwa. Kisanduku mlichowapa ndicho kilichopotosha jibu.

Vikao vya masoko huchukua muda mrefu kujadili picha ya tangazo, rangi ya kitufe na fedha za kulipia Facebook. Swali lijibiwe kwa njia gani, hilo huachiwa kijana anayetengeneza ukurasa, naye huchukua kilicho karibu. Akisikia "namba" anaweka kisanduku cha namba. Akisikia "tarehe" anaweka kalenda. Akisikia "mkoa" anaweka orodha ndefu inayofunguka. Simlaumu, kwa sababu hakuna aliyemwambia jibu lile litafanya kazi gani likishatoka kwenye fomu. Ninachowaomba katika barua hii ni kimoja: chagueni aina ya kisanduku kwa kuangalia kazi ya jibu na mtu atakayelitumia. Jina la swali lisiwachagulie.

Nianze na namba ya simu, maana bila hiyo mengine yote ni bure.

Namba ya Tanzania ina tarakimu kumi ikianza na sifuri, au +255 na tarakimu tisa nyuma yake. Ya Kenya ni vivyo hivyo kwa +254. Watu huandika walivyozoea: mmoja anaanza na sifuri, mwingine na 255 bila alama ya kujumlisha, mwingine anaacha nafasi kila baada ya tarakimu tatu ili asikosee. Wote wako sahihi. Lakini kisanduku cha namba hakijui simu, kinajua hesabu, na katika hesabu sifuri ya mbele haina thamani. Jibu likihifadhiwa kama namba, sifuri inaondoka. Alama ya + inaondoka. Aliyeacha nafasi anaambiwa amekosea, au anachoandika hakiingii kabisa. Kinachotufikia mezani ni tarakimu tisa zinazoanza na 7, na kama tangazo lilirushwa Tanzania na Kenya kwa pamoja, hakuna anayeweza kusema kwa kuitazama tu kama namba ile ni ya Dar es Salaam au ya Nairobi. Tunapiga kwa 255, anapokea mtu asiyejua habari za bima. Tunapiga kwa 254, haipatikani. Mteja aliyeomba kupigiwa anakaa anasubiri, na kwenye ripoti yenu anahesabiwa miongoni mwa wasiofaa.

Teknolojia ya kurasa za mtandao ina kisanduku cha simu tangu zamani. Kwenye simu janja hufungua kibodi ile ile ya kupigia, hupokea sifuri, alama ya + na nafasi, na huhifadhi kila kitu kama maandishi. Kazi ya kuondoa nafasi na vistari, au kugeuza sifuri iwe +255, ifanywe na programu baada ya mtu kutuma. Mashine haichoki, mteja anachoka, na akichoka anafunga ukurasa. Tena hakikisheni safu hiyo inabaki maandishi hata faili inapofunguliwa kwenye Excel, kwa sababu Excel ikiachwa ijiamulie nayo hula sifuri.

Jambo lingine ni kanuni mnazoweka nyuma ya kisanduku. Mwaka 2019 Kenya ilianza kutoa namba za simu zinazoanza na 01, baada ya miaka mingi ya watu kuzoea 07. Fomu iliyoandikiwa kanuni ya "lazima ianze na 07" humkataa mtu mwenye laini halali kabisa, na humwambia kwamba namba yake mwenyewe si sahihi. Mtu huyo hatawapigia kuwalalamikia. Ataenda kwa mshindani wenu. Kanuni ya kuhesabu tarakimu inatosha. Mkiongeza masharti zaidi ya hapo, pangeni na mtu wa kuyapitia kila mwaka.

Kuna kipimo kimoja rahisi ninachotamani kila anayetunga fomu awe nacho. Jiulize: je, jibu hili nitalijumlisha, nitalipunguza au nitalitafutia wastani? Kama hapana, basi hata likiandikwa kwa tarakimu tupu, ni maandishi. Hakuna anayetafuta wastani wa namba za simu. Hakuna anayejumlisha namba za vitambulisho. Msimbo wa posta wa katikati ya Nairobi ni 00100. Kwenye kisanduku cha namba unabaki 100, ambao si msimbo wa mahali popote. Namba ya kitambulisho cha NIDA ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Excel hushika kwa usahihi tarakimu 15 tu za namba yoyote, kwa hiyo tano za mwisho hugeuzwa sifuri. Tarakimu hizo zikishapotea hazirudi, labda umpigie mtu umwombe akusomee upya, huku akijiuliza kwa nini ulimsumbua kuandika mara ya kwanza.

Wala haya si mawazo ya mpiga simu peke yake. Kanuni rasmi za HTML, lugha inayojenga kurasa za mtandao, zinaonya kwamba kisanduku cha namba kisitumiwe kwa vitu kama namba za kadi za benki na misimbo ya posta. Mwaka 2020 timu inayosanifu fomu za serikali ya Uingereza, GOV.UK, ilieleza hadharani kwa nini imeacha kukitumia kama kawaida yake: kiliwatatiza wanaotumia programu za kusomewa kurasa kwa sauti, na mtu wa kompyuta akizungusha gurudumu la kipanya kwa bahati mbaya, namba aliyoandika hubadilika bila yeye kujua. Badala yake waliweka kisanduku cha maandishi chenye maelekezo ya kufungua kibodi ya tarakimu. Mjazaji anaona kibodi ile ile, na jibu linabaki kama alivyoliandika.

Nikiwa bado kwenye NIDA: kwa nini mnaiuliza? Mtu ameona tangazo la kiwanja, anataka kujua bei na kama kina hati. Hajanunua, hajakopa, hajafungua akaunti. Fomu ya kuomba kupigiwa haina kazi yoyote na namba ya kitambulisho, na kuiuliza mapema kunawafukuza hasa watu waangalifu, wale ambao mngefurahi kuwa nao kwa miaka mingi.

Sasa niseme juu ya saa, jambo ambalo mtu wa nje hawezi kuliona na sisi tunaishi nalo.

Fomu nyingi huuliza, "Ungependa tukupigie saa ngapi?" Halafu chini yake kunawekwa kisanduku cha saa kilichotengenezwa kwa mtindo wa Kizungu, kinachohesabu kuanzia usiku wa manane. Mjazaji wetu anahesabu kuanzia macheo. Mama mwenye duka Tandika akiandika 3:00 anamaanisha saa tatu asubuhi, akiwa ameshafungua duka na wateja hawajawa wengi. Mfumo unapokea saa tisa usiku. Mwalimu wa Tanga anachagua 10:00 akiwa na maana ya saa kumi jioni, vipindi vikiisha. Sisi tunampigia saa nne asubuhi akiwa mbele ya darasa. Hapokei. Tunamwekea alama ya "hakupokea", na baada ya majaribio machache jina lake linafungwa. Na kibaya zaidi ni kwamba wapo pia waliojaza kwa mtindo wa saa ya simu zao. Mwalimu wa aina hii na wa aina ile wanafanana kabisa kwenye Excel, na hakuna fundi wa takwimu anayeweza kuwatenganisha.

Kwa swali hili acheni kabisa kisanduku cha saa. Wekeni chaguo chache zinazoonekana wazi, zenye maneno: "Asubuhi, saa 3 hadi saa 6", "Mchana, saa 6 hadi saa 9", "Jioni, saa 10 hadi saa 12", "Wakati wowote". Neno asubuhi au jioni linamaliza utata wote. Tena wekeni saa ambazo dawati letu lina mtu. Nimeona fomu inayomruhusu mteja kuchagua saa mbili usiku wakati ofisi inafungwa saa kumi na mbili. Ile ni ahadi mnayoivunja kabla hamjafahamiana. Mkitaka na siku, wekeni siku za wiki za kuweka tiki, aweke hata tatu akipenda. Aliyeacha Ijumaa na aliyeacha Jumapili wametuambia jambo la heshima, na tunalishika.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ina mateso yake. Kalenda zinazofunguka kwenye fomu huanzia leo. Kwa anayepanga safari ya mwezi ujao ni sawa, tena ni msaada, maana anaona siku za wiki. Lakini mzee aliyezaliwa 1961, akijaza fomu ya bima mwaka 2025, ana miezi zaidi ya 750 ya kurudi nyuma kwa mshale mmoja mmoja. Kalenda nyingine huruhusu kugusa mwaka na kuruka; ni wangapi wanaolijua hilo? Wengine huchoka njiani na kuacha tarehe yoyote iliyo mbele yao, na sisi tunapokea mzee wa miaka kumi na miwili anayetaka bima ya afya. Kwa tarehe ambayo mtu anaijua kwa moyo, wekeni visanduku vitatu: siku, mwezi, mwaka, na mwezi uwe kwa jina lake ili 03/04 isisomwe Machi na mmoja na Aprili na mwingine. Na kama bei ya bima inategemea rika tu, basi ulizeni rika: "chini ya miaka 30", "30 hadi 45", na kuendelea. Tarehe kamili tutaichukua siku ya kusaini.

Kuhusu majina nitasema machache, ingawa yananiuma zaidi. Fomu zilizonakiliwa kutoka nje huomba jina la kwanza na jina la ukoo. Mtanzania wa kawaida kwenye vyeti vyake ana majina matatu, la kwake, la baba na la babu, na wengi wa Pwani na Visiwani hawana jina la ukoo la kuandika. Kila mmoja hugawa anavyojua, nasi tunajikuta tunampigia mtu na kumwita kwa jina la babu yake. Kisanduku kimoja cha "Jina lako kamili" kinatosha. Kisha ondoeni kanuni ya "herufi tu". Kanuni hiyo huikataa alama ya ritifaa, na kwa hiyo humkataa Ng'ang'a, humkataa Nyang'oro, na kama mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o angejaribu kuomba kupigiwa simu, fomu ingemgomea kwa ritifaa na kwa zile herufi mbili zenye alama juu. Jina la mtu halina makosa. Lipokeeni kama alivyoliandika.

Barua pepe: isiwe lazima. Watu wengi tunaowapigia huishi kwenye simu na WhatsApp, na akaunti ya barua pepe ni ile waliyofunguliwa siku waliponunua simu. Ukiilazimisha utapata anwani za kubuni zenye alama ya @ katikati, na mfumo wako utaridhika nazo. Swali lenye faida ni hili: "Namba hii ina WhatsApp?" likiwa na Ndiyo na Hapana. Hilo tunalitumia siku hiyo hiyo.

Orodha zinazofunguka zinahitaji uangalifu zaidi. Ubaya wake ni kwamba hazionyeshi kitu mpaka mtu aziguse, na zisipoachwa tupu mwanzoni hujijibu zenyewe. Mkoa wa kwanza kwa alfabeti nchini Tanzania ni Arusha. Kaunti ya kwanza Kenya ni Baringo. Fomu isiyoanza na nafasi tupu hutuletea watu wa Arusha ambao ukiwapigia wako Mtwara, wala hawakumbuki kuulizwa habari za mkoa. Kampuni inaweza hata kuamua kufungua ofisi kwa takwimu za namna hiyo. Kisha kuna orodha zilizozeeka. Mwaka 2012 Tanzania ilipata mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na mwaka 2016 ukaongezeka Songwe. Leo mikoa ni 31, mitano kati yake ikiwa Zanzibar. Anayenakili orodha kutoka fomu ya zamani anamlazimisha mtu wa Vwawa kuchagua Mbeya, au anamwacha mtu wa Pemba bila pa kujiweka. Kwa mikoa 31 au kaunti 47, afadhali kisanduku cha kuandika ambacho mtu akianza herufi mbili tatu kinampendekezea majina. Chaguo zikiwa tano au sita, ziwekwe zote wazi kwenye ukurasa, mtu azione kabla hajaamua.

Na kabla ya yote hayo, mkoa ni wa nini? Kama mnauza viwanja Kigamboni, mnunuzi anaweza kuwa Mwanza, Muscat au Minnesota. Swali lenu ni eneo analotaka kununua. Alipo sasa panatuhusu sisi kwa sababu moja tu, tujue kwake ni saa ngapi.

Sasa nifike kwenye chaguo zenyewe, maana hapa ndipo fomu huamua mteja ni nani. Kuna vile viduara ambavyo ukigusa kimoja kingine kinazimika, na kuna visanduku vya kuweka tiki ambavyo unaweza kuchagua zaidi ya kimoja. Watunzi wengi huvichanganya kana kwamba ni suala la urembo. Binti aliyemaliza kidato cha nne akitafuta chuo cha afya anaweza kuwa anafikiria uuguzi na famasia kwa pamoja, bado hajaamua, na ndiyo sababu anataka kupigiwa simu. Ukimpa viduara unamlazimisha kusema uongo mdogo: anachagua uuguzi, anapelekwa kwa mshauri wa uuguzi, na nafasi ya famasia iliyokuwa wazi haimfikii. Upande mwingine, swali la "Unataka kuanza lini?" likiwekewa tiki hutuletea "Januari" na "Septemba" kwa mtu mmoja, nasi hatujui tumweke foleni ipi. Jiulizeni kama majibu mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Yakiweza, tiki. Yasipoweza, viduara. Na kwenye viduara wekeni daima "Bado sijaamua", kwa sababu mtu akishagusa kiduara kimoja mara nyingi hawezi kukizima, na ambaye hajaamua ndiye anayehitaji mazungumzo kuliko wote.

Bajeti iko kundi hili hili. Mkiacha kisanduku cha namba, mtu anaandika 500,000/= kama anavyoandika kwenye risiti, na kinamkataa kwa sababu ya mkato na ile alama ya mwisho. Mkiacha maandishi matupu, mnapata "laki tano", "5m", "inategemea", na hakuna wa kuzipanga. Mstari wa kuburuta kwa kidole ni mgumu kwenye kioo kidogo. Mtu alitaka laki nane ukasimama kwenye laki tisa na ushee. Wekeni viwango vya kuchagua, ila msivipandishe kimoja juu ya kingine. "Laki 5 hadi milioni 1" na "milioni 1 hadi milioni 2" vinamwacha mwenye milioni moja kamili katikati ya njia.

Lakini mnatoa wapi chaguo hizo? Nyingi hutungwa kwenye kikao na watu ambao hawajaongea na mteja hata mmoja wiki hiyo. Nawashauri hivi: bidhaa ikiwa mpya, wekeni swali moja la maandishi, kwa mfano "Ungependa kujua nini kwanza?" na kisanduku kikubwa cha mistari kadhaa. Ukubwa wake una maana. Kisanduku cha mstari mmoja kinamwambia mtu afupishe, na anafupisha. Lisiwe la lazima. Mtu anaandika, "Naomba kujua kama ada inalipwa kwa awamu na kama hosteli ya wasichana ipo." Kwa sentensi hiyo moja najua nianze mazungumzo wapi, na najua nyuma ya simu kuna mzazi. Baada ya mwezi mmoja au miwili someni majibu yote, tena myasome ninyi wenyewe. Mtaona maswali manne au matano yanayorudi. Hayo ndiyo chaguo zenu, kwa maneno ya wateja wenyewe, na chini yake mnabakisha "Nyingine" yenye nafasi ya kuandika. "Nyingine" ikianza kujaa kuliko zote, orodha imepitwa na wakati.

Kuna fomu zinazofunguka ndani ya Facebook na Instagram, zinazojijaza jina, simu na barua pepe kutoka kwenye akaunti ya mtu. Ni rahisi, na huleta majina mengi kwa haraka. Shida ni kwamba namba iliyomo inaweza kuwa ya laini aliyoifungulia akaunti miaka mingi iliyopita, na sasa iko mikononi mwa mtu mwingine. Kwenye fomu za aina hii ongezeni swali la namba ya kupigiwa ambalo mtu analiandika kwa mkono wake. Majina yatapungua. Watakaobaki watapokea simu.

Kuhusu ridhaa sitaki kuwatisha kwa sheria, ila sheria ipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayotaka ridhaa itolewe waziwazi, kwa hiari, kwa jambo mahususi, kwa kauli au kitendo dhahiri cha mhusika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume ya kuisimamia. Huko Ulaya, tarehe 1 Oktoba 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa uamuzi katika shauri la kampuni ya Planet49 ya Ujerumani, iliyoendesha bahati nasibu mtandaoni ambayo mshiriki alitakiwa kujaza jina na anwani yake, huku kisanduku cha kukubali vidakuzi kikiwa tayari kimewekwa tiki. Mahakama ilisema tiki uliyoikuta imeshawekwa si ridhaa. Kwa hiyo kisanduku cha ridhaa kiwe cha tiki, kiwe tupu, na kiseme jambo moja: "Nakubali kupigiwa simu kuhusu ombi hili." Kama mnataka pia kumtumia matangazo ya mwaka mzima, hilo ni swali la pili lenye kisanduku chake. Sisi tunaopiga tunaisikia tofauti tangu salamu ya kwanza. Aliyekubali kwa hiari yake anasema "Aa, nilikuwa nawasubiri."

Yapo mengine madogo ambayo hugharimu sana. Mfano wa jibu ulioandikwa kwa rangi hafifu ndani ya kisanduku hutoweka mtu akianza kuandika, wakati ndipo anapouhitaji. Uwekeni juu yake. Ujumbe wa makosa ukiachiwa kivinjari huja kwa lugha iliyowekwa kwenye simu, mara nyingi Kiingereza, hata kama fomu nzima ni ya Kiswahili. Andikeni wenu, useme kilichopungua: "Namba haijakamilika, tunahitaji tarakimu kumi ukianza na sifuri." Na kosa moja lisifute yote aliyojaza. Nyota ya lazima iwe kwenye jina na simu. Kila nyota ya ziada inamfanya mtu aache fomu au abuni jibu, na jibu la kubuni ni baya kuliko nafasi tupu, kwa kuwa nafasi tupu tunaiona.

Ombi langu la mwisho ni la vitendo. Kabla fomu yenu inayofuata haijarushwa hewani, ijazeni wenyewe kwa simu ya bei ya chini, kwa bando la kawaida, mkitumia taarifa za kweli za mtu mzima wa nyumbani kwenu: jina lake lote, tarehe yake ya kuzaliwa, namba yake anavyoiandika yeye. Halafu fungueni Excel iliyotoka upande wa pili na mkae na mpiga simu wenu, yeyote yule, mmsikilize akieleza kila safu anaifanyia nini. Safu asiyoitumia, ifuteni kwenye fomu siku hiyo hiyo. Safu inayomfika ikiwa imeharibika, badilisheni kisanduku chake kabla ya kulipia tangazo jingine.

Wasalaam,

Mpiga simu wa dawati la wateja,
Dar es Salaam